Dishi la Basi Hulengwa Kutoka Chini

Tangu huduma ya intaneti ya satelaiti ya Starlink ianze kuuzwa nchini Kenya mnamo Julai 2023, vijana wanaojifunza ufundi hapa Eldoret hawaachi kuniuliza kama bado kuna haja ya kujua kulenga dishi la televisheni. Mtambo mpya unatolewa kwenye boksi, unalazwa juu ya paa na kujitafutia satelaiti wenyewe. Hauhitaji spana wala kipima mawimbi, wala fundi wa kupigiwa simu usiku wa mechi. Na kwa kuwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye magari nao wameamka. Kuna anayeng'oa viti vya basi kuukuu aweke vitanda na jiko, na kuna anayetaka kulifuata kombe mji kwa mji akilala garini. Wote wanataka runinga ndani, na wote wanauliza: tununue dishi au tuachane nalo?

Swali hilo limenirudisha kwenye miaka niliyofunga runinga ndani ya magari ya kulala, kazi ambayo wengi hawajui kwamba ipo Eldoret. Nimeifanya kwenye mabasi ya wavunaji wa ngano, kwenye gari la wasafiri wa ng'ambo na kwenye basi la kliniki. Nimejifunza kwamba anga ni lile lile kwa kila mtu, na anayekosa picha mara nyingi tatizo lake liko chini: kwenye ardhi aliyoegesha, kwenye waya, kwenye betri, au kwa watu wanaoishi ndani ya gari. Nayaeleza haya kwa mpangilio wa miaka, ili kijana anayetaka kuingia katika kazi hii aone elimu ilivyokusanyika.

Nilianza kama msaidizi katika duka la redio na runinga karibu na Barabara ya Uganda, siku ambazo satelaiti ya Eutelsat W4 ilikuwa bado mpya. Ilirushwa Mei 2000 na kuwekwa juu ya ikweta, kwenye digrii 36 mashariki. Tangu hapo mahali pale angani pamekuwa makao ya televisheni ya DStv kwa upande wetu huu. Satelaiti huzeeka na kubadilishwa, lakini mahali pake ni palepale. Sasa tazama ramani. Eldoret iko kwenye digrii 35 na robo hivi mashariki, nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo satelaiti hiyo, iliyo umbali wa karibu kilomita 35,800, iko utosini petu kabisa.

Karatasi za maelekezo zilizokuja na madishi ziliandikiwa nchi nyingine. Zilimwambia fundi atafute kwanza upande: kusini, kusini-mashariki, kusini-magharibi. Mzee aliyenifundisha kazi aliziweka kando. "Usihangaike na upande, kijana," aliniambia. "Tafuta utosi." Kwa hivyo madishi yetu ya digrii 36 hulala chali kama karai lililotegewa mvua, na mvua ya Uasin Gishu huyajaza kweli. Maji na barafu ya mvua ya mawe vikikaa ndani, mawimbi hudhoofika na picha hukatika. Mzee alikuwa akitoboa tundu la milimita sita kwenye ukingo wa chini, analipaka rangi pembeni ili kutu isiingie, kisha anamwaga kikombe cha maji juu ya dishi na kusimama akiangalia hadi tone la mwisho litoke. Hakuondoka kwa mteja kabla ya hapo. Dishi la kampuni nyingine, Azam, ambalo huangalia digrii 7 mashariki, huinama kuelekea magharibi na halina shida hiyo. Ukipita mtaani na kuona mawili juu ya nyumba moja, moja limelala na moja limeinama, utajua mwenyewe ni lipi la nani.

Jambo la pili alilonionyesha lilihusu jua. Siku chache kabla na baada ya 20 Machi, na tena karibu na 22 Septemba, simu zilimiminika dukani mwendo wa saa sita na nusu mchana. Picha zimepotea mji mzima. Katika siku hizo jua hupita moja kwa moja nyuma ya satelaiti, na joto lake huyafunika mawimbi kwa dakika chache. "Kunywa chai, mama, itarudi," mzee alimjibu kila mteja, na ikarudi. Dakika hizo hizo alizitumia kukagua madishi ya jirani. Doa la mwanga wa jua likiangukia sawasawa kwenye kichwa cha dishi, kile kinachopokea mawimbi, basi limelengwa vizuri. Likiangukia pembeni, fundi anajua amekosea kwa kiasi gani, bila kifaa chochote. Nilielewa tangu hapo kwamba sehemu kubwa ya ufundi huu ni kujua mahali uliposimama juu ya dunia. Elimu hiyo haimo katika boksi la mtambo wowote, kwa sababu boksi halijui litafunguliwa wapi.

Basi la kwanza nililoitiwa lilikuwa la wavunaji. Si kila mkulima wa ngano huku ana kombaini yake. Wengi huvuniwa na wakandarasi ambao huanzia Narok katikati ya mwaka, kisha hupanda Uasin Gishu kuanzia Oktoba ngano yetu inapokauka. Kikosi cha kombaini huishi shambani kwa wiki nyingi: dereva, mwenzake wa trekta, makanika, vibarua wa magunia na mpishi. Zamani walilala kwenye hema. Mkandarasi mmoja alinunua basi lililochoka, akaondoa viti, akachomelea vitanda vya ghorofa vya paipu za mraba, akaweka jiko la gesi nyuma na runinga mbele, pale alipokuwa akisimama kondakta. Fundi wa vyuma alilichomelea dishi juu ya paa. Mjini, kwenye gereji yenye sakafu ya saruji, picha ilikuwa safi. Huko Moiben, ndani ya shamba, hakukuwa na chochote, na Jumamosi ya mpira ilikuwa inakaribia.

Nilipofika niliweka pimamaji ya mwashi juu ya sakafu ya basi, na jibu likaonekana hapo hapo. Dishi la sentimita 90 huona kipande kidogo cha anga, kama digrii mbili kwa upana. Likipotoka digrii moja na kidogo, picha huanza kukatika. Basi lina upana wa mita mbili na nusu hivi, kwa hiyo sentimita nne tu za tofauti kati ya gurudumu la kushoto na la kulia zinatosha kuleta hiyo digrii moja. Katika shamba lililolimwa gurudumu huzama zaidi ya hapo. Hata kama ungelisawazisha basi kwa jeki na mbao, watu wakipanda vitanda vya upande mmoja springi hulala na picha hupotea. Na kuna pua ya basi. Mawimbi ya satelaiti yana mlalo wake, mengine yamesimama na mengine yamelala. Ukiligeuza basi kutoka kaskazini hadi mashariki, dishi bado linaangalia utosini, lakini kichwa chake kimegeuka pamoja na basi na hakilingani tena na mawimbi.

Tulilikata dishi kutoka kwenye paa. Nyuma ya stoo ya shamba palikuwa na sahani kuukuu za plau, zile za chuma kizito ambazo zikiisha makali hutupwa. Tulichomelea paipu fupi iliyonyooka katikati ya moja, dishi likafungwa juu yake, na waya ukaingia ndani kupitia tundu kando ya dirisha. Sahani ile ikikaa ardhini, upepo wa jioni hauitikisi. Niliichora mshale wa rangi nyeupe, nikamwita mpishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kambini mchana kutwa. Nilimfundisha kuweka pimamaji juu ya paipu pande mbili, kutia vijiwe chini ya sahani hadi kiputo kikae katikati, na kuelekeza mshale kwenye milima ya Cherangani, ambayo kutoka pale iko kaskazini. Alirudia kazi hiyo mbele yangu hadi mkono wake ukazoea. Msimu ule basi lilihama mashamba mengi, na sikupigiwa simu tena.

Nilijifunza mawili hapo. Kwanza, nyumba inayotembea haihitaji dishi linalotembea. Yapo madishi yanayofuata satelaiti chombo kikiwa mwendoni, hutumika sana melini, na bei yake si ya basi la wavunaji. Mtu hutazama runinga akiwa ametulia, na kinachotakiwa ni dishi linaloweza kusimama upya haraka kila gari linapotulia. Pili, elimu ya kulisimamisha ni ya wakazi wa gari. Fundi akiondoka nayo, amewaachia wateja wake chuma tu. Kuna wenzangu waliona nawanyima wengine riziki nilipowafundisha wapishi na matanboi. Mimi niliona kwamba mteja aliyefundishwa ndiye aliyeniletea mteja mwingine.

Mwishoni mwa Desemba 2007 basi hilo la wavunaji lilikuwa bado shambani, kaskazini mwa mji, kombaini ikingoja kipuri. Nilikuwa nimeenda kufunga betri ya pili, nikakwama nao. Tarehe 30 matokeo ya urais yalitangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ghasia zikawaka. Katika kikosi kile palikuwa na watu wa makabila kadhaa waliolala chini ya paa moja tangu Oktoba. Dishi liliendelea kunasa idhaa za nje, tukawa tunauangalia mkoa wetu wenyewe kutoka mbali: moshi, mawe barabarani, jina la Eldoret likitajwa na wasomaji wa habari walioko maelfu ya kilomita. Mtu alikuwa akiona barabara anayoijua bila kuambiwa ni sehemu gani yake imefungwa.

Aliyetusaidia alikuwa mzee wa boma la jirani, aliyekuja kwa miguu jioni na kueleza ni njia ipi inapitika, ni daraja gani la kuepuka, na nani amefika salama kwa nani. Msimamizi wa kikosi alizima runinga wakati wa chakula, akatoa simu yake, na salio lililokuwa adimu siku zile likagawanywa ili kila mmoja aongee na nyumbani kwa zamu. Hakuna aliyeulizwa kabila lake, na hakuna aliyeondoka pale peke yake. Mwale mmoja wa satelaiti hufunika nusu ya bara kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo hauwezi kukuambia habari za kilima cha pili. Tangu mwaka ule sijafunga runinga kwenye gari la kulala bila kufunga pia redio yenye waya mzuri wa nje, inayonasa vituo vya eneo lile. Mteja asipoiagiza, namshauri hadi akubali. Anayeishi njiani anahitaji kusikia dunia, na anahitaji zaidi kusikia jirani.

Miaka michache baadaye niliitwa kwenye kambi ya wageni kando ya Mto Naiberi, kwenye njia ya Kaptagat, mahali ambapo magari ya wasafiri wanaovuka Afrika huegesha. Mume na mke wazee walikuwa wameendesha gari lao kutoka Ujerumani, nyumba kamili juu ya magurudumu, na juu ya paa palikuwa na dishi la kujiendesha. Ukibonyeza kitufe, linainuka, linazunguka na kusaka. Mzee yule alisema lilifanya kazi kila nchi ya Ulaya, na sasa lilikuwa likizunguka tu bila kupata kitu. Alidhani mota imeharibika.

Mota ilikuwa nzima. Dishi lilikuwa likitafuta Astra, satelaiti ya digrii 19.2 mashariki ambayo Wajerumani wengi huitumia. Kutoka Naiberi satelaiti hiyo iko juu sana angani, wala hakuna kilima kinachoizuia, lakini antena zake zimeelekezwa Ulaya, na huku hazimwagi kitu. Niliwachorea kwenye karatasi: satelaiti hutupa mawimbi yake pale tu ilipoelekezwa na wenyewe. Hata kwenye digrii 36, satelaiti ya Eutelsat 36B ilihudumia Urusi kwa mwale mmoja na Afrika kusini mwa Sahara kwa mwingine, kila mmoja na wateja wake. Tukawafungia dekoda ya hapa na dishi la kusimama ardhini, na jioni ile walipata habari. Vijana wengi huamini kwamba kifaa ghali cha ng'ambo kitafanya kazi popote. Kifaa kilichoundwa kwa ajili ya mahali pengine kinaweza kuwa kizima kabisa na kisikufae.

Wao nao walinifundisha. Ndani ya gari, juu ya meza, waligundisha pimamaji ndogo ya duara, pana kama kifuniko cha chupa, yenye kiputo kimoja kinachoogelea katikati ya mduara. Waliitumia kwa ajili ya friji, kwa sababu friji ya gesi haipoi vizuri gari likiinama. Kwa pimamaji ya mwashi unapima upande mmoja kisha mwingine. Ile ya duara inakuonyesha pande zote kwa mtazamo mmoja. Tangu siku hiyo nimeitafuta mijini na kuigundisha kwenye kila kitako cha dishi ninachotengeneza, na wapishi wa wavunaji huisoma kwa haraka kunishinda.

Februari 2015 Eldoret na miji mingine mingi ilizimiwa mitambo ya analogia. Kwa karibu wiki tatu, NTV, KTN na Citizen hazikuwa hewani kabisa kutokana na mvutano wao na Mamlaka ya Mawasiliano. Ziliporudi, watu walikimbilia dekoda za antena ya kawaida, ambazo bei yake ilikuwa nafuu. Basi la kliniki lililohudumia vijiji vya Bonde la Kerio lilifungiwa dekoda ya aina hiyo. Eldoret ilionyesha vizuri, Iten pia. Lakini kutoka Iten, iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, barabara huporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi chini bondeni. Mawimbi ya minara husafiri kwa mstari ulionyooka, na ukuta wa Elgeyo uliyakata yote. Wauguzi walikaa jioni zao gizani, na filamu za mafunzo ya afya walizotaka kuwaonyesha akina mama zikawa zinatoka kwenye flashi peke yake.

Satelaiti iliyo utosini haina ukuta, kwa hiyo nikawafungia dishi. Pale bondeni picha ilikuwa kali kuliko mjini, kwa sababu mvua huko ni haba. Ila joto la Kerio ni kali, na kila dereva huegesha chini ya mwembe. Hapo ndipo utosi unapogeuka kuwa shida: mti ulio pembeni hauzuii chochote, lakini tawi lililo juu ya kichwa huzuia kila kitu. Ungekuwa umefunga dishi kwenye paa, ungewalazimisha wauguzi wachague kati ya kivuli na picha. Tuliliweka kwenye sahani yake ya plau, uwanjani kwenye jua, na waya wa mita 20 ukaenda hadi basi lililokuwa kivulini. Wazee wa kijiji walikuja kila jioni kusikiliza habari za saa moja, na nesi msimamizi akatumia nafasi hiyo kuwaeleza ratiba ya chanjo kabla ya kuwasha. Nilitambua pia kikomo cha kazi yangu. Anga halibagui bonde na mji, lakini malipo ya mwezi hubagua. Siku kifurushi kilipoisha, zilibaki chaneli chache tu. Ninapomshauri mteja wa basi la huduma za umma, namwambia aweke malipo hayo katika bajeti pamoja na mafuta ya gari, au achague tangu mwanzo chaneli zisizolipiwa.

Kazi ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote ni ya Oktoba 2019. Eliud Kipchoge alikuwa anajiandaa kukimbia marathoni chini ya saa mbili huko Vienna, na kikosi cha wavunaji kilikuwa shambani si mbali na Kaptagat, kwenye barabara alizozikanyaga mazoezini. Siku mbili kabla, mwana wa mkandarasi alinipigia simu akisema nusu ya chaneli zimepotea na satelaiti imeharibika. Nilienda na mita ya umeme. Dekoda hukiambia kichwa cha dishi kishike mawimbi gani kwa kubadilisha umeme unaopita kwenye waya: volti 13 kwa yaliyosimama, volti 18 kwa yaliyolala. Waya waliokuwa wameununua ulikuwa mwembamba, wa chuma kilichopakwa shaba, na kwenye kiungio kimoja kilichozungushiwa nailoni tu, maji yalikuwa yameingia. Nilipoufungua, uzi wa ndani ulikuwa umegeuka kijani na ulivunjika kwa kucha. Volti 18 zilizotoka ndani ya basi zilikuwa zikifika nje zikiwa 14, kwa hiyo kichwa kilibaki kwenye mawimbi yaliyosimama na nusu nyingine ya chaneli ikafa. Niliweka waya wa shaba tupu, usio na kiungio, nikauinamisha chini kidogo kabla ya kuingia basini ili maji yadondokee nje.

Jumamosi tarehe 12 mbio zilianza saa tatu na robo asubuhi kwa saa zetu. Kombaini haiingii shambani mapema hivyo. Umande ukiwa bado kwenye masuke, ngano huziba mashine. Kikosi kizima kilikuwa huru. Tuligeuza runinga ikaangalia nje ya dirisha kubwa la nyuma, na watu wakaja kutoka mashamba ya jirani: wenye ng'ombe wakiwa na mitungi ya maziwa, watoto, wakimbiaji vijana waliokuwa wametoka mazoezini na jasho lao. Betri mbili za basi zilikuwa zimechajiwa usiku kwa jenereta, na nilizikagua kila baada ya muda. Alipomaliza kwa saa 1:59:40, kelele ilitoka kwenye mashamba yote kwa mara moja. Nilimwona dereva wa kombaini, mtu mzima asiye na maneno mengi, akimshika mkono kila mtu aliyekuwa pale, mmoja mmoja. Ungekuwa na simu ungeona mbio zile zile kwenye kiganja chako. Usingeziona pamoja na jirani ambaye hujawahi kuongea naye ingawa shamba lake limepakana na kambi yako.

Hayo ndiyo ninayoyaweka mezani vijana wanaponiuliza kuhusu Starlink. Ni mtambo mzuri, na kwa msafiri anayefanya kazi kwa kompyuta ndani ya gari, namshauri aununue. Kama tungekuwa nao mwaka ule wa ghasia, watu wangeongea na nyumbani bila kugawana salio. Lakini satelaiti zake zinapita chini, karibu kilomita 550 juu, nazo hazitulii mahali pamoja. Mtambo unahitaji kuona sehemu kubwa ya anga, kwa hiyo mwembe na mikaratusi huusumbua kuliko linavyosumbuliwa dishi la zamani, linalotaka tundu moja tu la anga. Kichwa cha dishi hula wati chache. Starlink hula makumi ya wati muda wote inapokuwa imewashwa. Wati 50 kwa saa kumi ni karibu nusu ya betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, na betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema. Kikosi cha watu kumi wanaotazama habari na mpira jioni bado kitahudumiwa vizuri na dishi kwa gharama ndogo.

Na hata anayechagua mtambo mpya atakutana na mambo yale yale: waya unaoingiza maji, betri iliyochoka, kivuli cha mti, mkazi wa gari ambaye hakufundishwa. Mota na kompyuta vimeondoa kazi ya kulenga, ambayo ilikuwa sehemu fupi kuliko zote. Sehemu ndefu imebaki, na inamsubiri fundi aliyejifunza.

Kwa hiyo kijana akiletewa basi la kugeuzwa nyumba hapa Eldoret, aanze kwa kumuuliza mwenye basi atalala wapi, shambani, bondeni au mjini. Amuulize umeme utatoka wapi na utatumika kwa saa ngapi. Amuulize nani atakuwa akitazama, na nani kati yao atafundishwa kusimamisha dishi fundi asipokuwepo. Amuulize atasikiaje habari za mahali atakapokuwa, hata satelaiti ikinyamaza. Majibu hayo yatamwambia anunue dishi au Starlink, waya wa urefu gani na betri ngapi. Akishayapata, ndipo achukue spana.